Salamu Iliyongoja Sabuni Iive

Mjukuu wangu amerudi kutoka Bujumbura, na ndoo yangu ya kupimia mawese ameigeuza chombo cha kutengenezea sabuni. Hakuniomba. Nilimkuta uani asubuhi, mche wa sabuni ya dukani ameukwangua vipande vipande, ameumwagia maji ya moto, ametia magadi, ametia na kitu cha kunukia ambacho kilinipandisha mafua, anakoroga kwa mwiko wangu wa ugali. Mkono mmoja mwiko, mkono wa pili simu. Na mdomo, Mungu wangu! Mdomo haukufunga hata kidogo.

"Amahoro wapenzi wangu, leo niko nawaonyesha namna ya kujitengenezea sabuni ya kufulia hapa hapa nyumbani..."

Wapenzi gani? Nilitazama ua mzima, nikaona kuku na mimi.

"Bibi, salimia watu."

"Watu gani?"

"Hawa walio humu ndani." Akanigeuzia ile simu usoni, mwiko bado unazunguka.

Nikamwambia sisalimii. Sabuni ikiwa inakorogwa, mtu hasalimii wala hasalimiwi. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Yoo, bibi! Hizo ni imani za zamani." Basi nikavuta kiti nikakaa nione jinsi itakavyomharibikia. Nilingoja, rafiki yangu, nilingoja kwa hamu. Haikuharibika. Ilipoa, ikawa nzito kama uji, akachukua shuka langu la kitanda akalifua, povu likajaa, shuka likatakata.

Hicho ndicho kilichonikera. Kijana akikosea na kitu kikaharibika, mzee anapata la kusema. Akikosea na kitu kikatengemaa, mzee anabaki mdomo wazi kama samaki mukeke aliyetupwa mchangani.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hasira isiyo na pa kwenda, na mtu akiwa na hasira ya namna hiyo bora aiandike. Shule mimi niliionja tu, herufi zangu zinaegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Lakini michikichi ninayomiliki kule Kizuka haikununuliwa kwa diploma ya mtu, na nyumba hii ya saruji ninayoandikia ndani yake ilijengwa na bidoni za mawese, yale madumu niliyoyabeba kichwani mwenyewe. Kwa hiyo usinisahihishe. Nisikilize tu.

Nimelelewa na bibi yangu, mama wa mama yangu, hapa hapa Rumonge, katika mtaa wetu wa Waislamu, karibu na ziwa kiasi kwamba alfajiri tulisikia wavuvi wakigombania ndagala kabla hatujasikia adhana. Nyumba za mtaa ule zilishikana, zimetenganishwa na ua wa matete tu. Ukikaanga kitunguu, jirani anajua. Ukimkaripia mtoto, jirani anaongezea maneno uliyoyasahau. Siri haikuwepo, na sijui kwa nini watu siku hizi wanaililia.

Sabuni tulijipikia. Na usidhani ni sabuni ya kuyeyusha sabuni nyingine, kama huyu wa simu! Tulianza na moto. Michikichi ikishavunwa na tunda likishatolewa, unabaki ule mkungu mtupu wenye miiba miiba, ambao leo watu wanautupa mtaroni halafu wanalalamika mtaro umeziba. Sisi tuliuanika, tukauchoma, majivu yake tukayatia katika kapu lililotandikwa majani ya mgomba. Juu unamwaga maji kidogo kidogo, chini unatega chungu. Kinachodondoka ni maji ya rangi ya chai kali. Hayo ndiyo maji ya majivu, na ukiyachezea yanakuchuna ngozi.

Bibi aliyapima kwa yai. Yai likizama, maji ni mepesi, rudisha kapuni. Likielea na kutoa kipaji cha uso tu, basi yameiva. Halafu, kana kwamba yai halikutosha, alichovya kidole akagusa ncha ya ulimi, akatema, akafumba macho. Tulimtazama uso wake kama watu wanaongoja hukumu. Akisema "Ego," yaani ndiyo, moto unawashwa.

Mafuta yalikuwa yale mawese ya chini, yaliyochacha, ambayo hayafai tena kwenye maharage. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, kwa hiyo shika vizuri. Mafuta hayakuwa ya nyumba moja. Kila nyumba ya mtaa ilileta kibuyu chake, chupa yake, kopo lake, yakamwagwa pamoja katika nusu ya pipa moja kubwa uani kwa bibi, na sabuni ikiiva kila nyumba inakata fungu lake. Kwa hiyo anayekoroga alikuwa ameshika nguo za mtaa mzima mkononi. Akizembea, kanzu za watu hazitatakata, na watoto wa watu wataenda Idi na shingo nyeusi.

Ndiyo maana ya ile sheria. Kwetu sisi salamu si neno moja. Ukimwambia mtu amahoro, lazima umuulize nyumbani, watoto, mgonjwa wa juzi, na mvua ya huko alikotoka. Na pipa la sabuni halingoji habari za mgonjwa. Ukigeuza shingo kidogo tu, povu linapanda, linamwagika, linazima moto, mafuta yanakimbilia juu na maji yanabaki chini, na yakishaachana hayo hayarudiani. Bibi alikuwa akisema, "Sabuni ni mume mwenye wivu. Ukimgeukia mwingine, anamwaga chakula." Basi ilipokuwa motoni hakuna aliyefungua kinywa katika uwanja ule. Wala anayekoroga, wala anayechochea, wala anayepita.

Na ili wapita njia wajue, tulikuwa tunachomeka kuti bichi la mchikichi juu ya lango. Hilo kuti kila mtu wa Rumonge alilijua. Muuza ndagala mwenye sauti ya kupasua vioo, akiliona, anapita kwa ncha za vidole, kapu kichwani, akitusalimia kwa nyusi. Hata ustadhi wa madrasa, mtu aliyeweza kukuchapa kwa kutoitikia salamu, akiona kuti alishika mdomo akapita kama mwizi. Leo mpigie mtu simu useme uko kazini, anakuuliza kazi gani.

Sasa, bibi alikuwa na mtoto wake wa mwisho, mama mdogo wangu. Mwembamba, mikono mirefu, mkorogaji bora mtaani. Alikuwa amefikia umri wa kuolewa, na mambo yalikuwa yamesimama pabaya. Kaka yake, yaani mjomba, alitaka kumwoza kwa mchuuzi mmoja wa samaki aliyekuwa na wake tayari na meno machache. Yeye mwenyewe alimtaka fundi wa cherehani wa Bujumbura, kijana aliyekuwa akija siku za soko kushona. Fundi alishaleta maneno ya posa. Mjomba akasema, sawa, lakini watu wa huko kwao waje wenyewe, na wasipokuja kabla ya Idi, mchuuzi atakubaliwa. Kwa hiyo mama mdogo alikuwa akila ugali bila kuuona. Kila gari lililosimama barabarani lilimtoa nje.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba watu wa huko walikuwa na desturi yao. Hawatumi taarifa. Wanamtuma shangazi wa kijana peke yake, ghafla, asubuhi, amkute msichana jinsi alivyo, na nywele zake na masufuria yake. Shangazi akirudi akasema ndiyo, wazee wanafuata. Akisema hapana, hata mvulana alie damu, hakuna anayekuja.

Akaja siku ya sabuni.

Bibi alikuwa ameenda sokoni kununua chumvi, maana mwishoni sabuni hutiwa chumvi ili ishikamane. Majirani wengi walikuwa shambani. Uwanjani tulikuwa mama mdogo na mimi. Yeye anakoroga, mimi niko kwenye kuni, kazi yangu kuzivuta nje povu likipanda na kuzirudisha likishuka. Pipa lilikuwa limefika pale penye ukorofi, linapumua kama ng'ombe mgonjwa.

Langoni akatokea mama mmoja mnene, amevaa shuka jeupe kabisa, jeupe la kwenda nalo harusini, na manukato yaliyotufikia kabla yake. Akasimama chini ya lile kuti letu. Akalitazama. Akatabasamu! Mimi nilishangaa kwa nini anatabasamu. Nilikuja kuelewa baadaye. Kwao Bujumbura, kuti bichi langoni ni pambo la harusi. Yule mama alidhani tumempambia. Alidhani habari za safari yake zimevuja, na watu wa Rumonge, watu wa heshima, wamemngoja kwa makuti.

"Asalaam aleikum!"

Mama mdogo akakoroga. Niliona shingo yake imekakamaa. Alikuwa ameshajua ni nani: ile pua ilikuwa ya fundi wa cherehani kabisa.

"Asalaam aleikum, humu ndani!"

Fikiria wewe. Kutoa salaam ni hiari, kuijibu ni lazima, hata mtoto wa madrasa anajua. Kumnyima mtu jibu la salaam ni kumtemea. Na anayenyimwa ndiye aliyeshika ndoa yako mkononi. Na mbele yako pipa linapumua, na mafuta yaliyomo si yako. Ningekuwa mimi leo, ningeachia mwiko. Nasema wazi. Ningeachia, na mtaa ungenila nyama.

Yeye hakuachia. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Kumbe!" yule mama akasema, ameshaingia uani, ameshika kiuno. "Mumepamba mulango, mudomo mumeufunga! Ao ndiyo heshima ya Rumonge hii?" Akanigeukia mimi. "Na weye mutoto? Nawe ulimi waliukata?"

Nikamtazama tu, kijinga, gogo la moto mkononi.

Sasa upande wa pili wa matete alikuwepo jirani yetu mzee, mwenye miguu iliyovimba, asiyeweza kutembea. Aliona yote kupitia tundu. Na yeye sheria ilimbana: kibuyu chake cha mafuta kilikuwa humo pipani. Akatafuta njia ya kumwonya mgeni bila kusema neno, na akili aliyoipata, Mungu amrehemu, ilikuwa kuchukua bidoni tupu na kuipiga kwa fimbo. Du! Du! Du! Alitaka mgeni ageuke, amwone, naye mzee amwashirie kwa mkono. Mgeni alichosikia ni ngoma.

"Aa! Na ngoma mumeniwekea! Muko munanicheka!"

Akageuka kwa hasira, upesi, lile shuka likapeperuka, na upindo wake ukapita juu ya chombo tulichokuwa tumechujia mawese. Doa la rangi ya chungwa, kubwa kama kiganja, likakaa kwenye ule weupe. Akaliona. Akatoka, na lile kuti likamgusa kilemba wakati anapita.

Mama mdogo akaendelea kukoroga.

Bibi aliporudi na chumvi yake hakuuliza, maana kuti bado lilikuwa langoni. Lakini aliona uso wa mwanawe, akaona alama za viatu vya mjini kwenye vumbi, akanusa manukato. Akatia chumvi. Tukaendelea, sisi watatu, bila neno, mpaka sabuni ikaacha kupigana na ikaanza kutembea polepole kwenye mwiko kama asali. Ndipo bibi akaenda kulishusha kuti, na mama mdogo akaanguka chini akapiga yowe ambalo lilikuwa limekaa ndani tangu asubuhi.

"Mama, ni shangazi yake! Shangazi yake amekuja, sikumujibu! Nimekwisha!"

Jirani mzee akapata kauli yake naye, akalia kutoka ng'ambo ya matete, "Niligonga bidoni! Mashahidi muko, niligonga!"

"Uligonga nini?" bibi akamuuliza. "Ulitaka acheze?"

Haikuwa taabu kujua mgeni amefikia wapi. Mtaa ulikuwa na macho. Alikuwa kwa mke wa muuza chumvi, ndugu yake wa mbali. Na mambo huko yalikuwa yameharibika zaidi. Alipomsimulia mwenyeji wake jinsi alivyopambiwa makuti na kunyimwa salamu, yule mwenyeji, mwanamke wa Rumonge asiye na kizuizi, aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Dada, ile si ya kukupambia weye! Ile ni alama ya sabuni!" Sasa mtu mwenye hasira unaweza kumwomba radhi. Mtu aliyeaibika, utamwomba nini? Yule mama aliamua kupanda gari la kwanza la mchana, arudi Bujumbura, aseme msichana hafai, na habari ya kuti ifie Rumonge.

Bibi alisikia hayo akafikiri kidogo tu. Hakuwa mtu wa kufikiri sana. Akakata bonge la sabuni lililokuwa bado vuguvugu, jeusi, laini, akalifunga kwa jani la mgomba, akampa mama mdogo. "Nenda. Doa la mawese likilala, halitoki. Na kule usitaje kuti."

"Niseme nini, mama?"

"Alikupa nini? Mujibu."

Mimi nikabeba beseni. Tulikwenda mbio. Tulimkuta yule mama amekaa barazani, mzigo umeshafungwa, ule upindo wenye doa ameukunja ndani asionekane. Alituona akageuza uso upande wa ziwa.

Mtu anayefika nyumba ya watu hubisha hodi, au hutoa salaam. Mama mdogo hakufanya hata moja. Alipiga magoti pale chini ya baraza, jasho linamtoka, ananuka moshi kuliko manukato ya yule mama, akasema:

"Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh."

Mwenyeji, mke wa muuza chumvi, alikuwa mlangoni, na nilimwona amejiziba mdomo kwa mtandio.

Yule shangazi akamtazama msichana, akatazama ile mikono mirefu, vidole vimechubuka na maji ya majivu.

"Umechelewa," akasema.

"Sabuni ilikuwa haijaiva, shangazi."

"Na kama ningekuwa nimeshapanda gari?"

"Ningekujibu huko Bujumbura."

Yule mama akavuta pumzi ndefu. Nilidhani anataka kutukana. Akaanza kulifungua lile shuka, mwenyeji akamletea kitenge cha kujifunga, akalitupa kwenye beseni langu kama mtu anayetupa silaha.

Kuna jambo moja kuhusu doa la mawese ambalo lilituokoa, na ambalo hata mjukuu wangu na wapenzi wake wa simuni watalijua siku moja. Haliondoki kwa mkono. Sabuni inatoa mafuta, lakini ile rangi inabaki, na kinachoila rangi ni jua. Kwa hiyo mama mdogo alifua, akasugua, akasuuza, akalitandaza juu ya majani, rangi bado ipo, ya chungwa, hafifu. Ikabidi kungoja. Gari la mchana likapiga honi barabarani, likaondoka. Shangazi angekwenda wapi, amevaa kitenge cha kuazima? Akakaa. Mama mdogo akakaa karibu na shuka, kila likikauka analirashia maji. Wakaletewa muhogo wa kuchemsha na ndagala za kukaanga, na mwanzo walikula kila mmoja akitazama kwake.

Halafu wakaanza kuongea. Waliongea mpaka mimi nikasinzia juu ya beseni lililopinduliwa. Sikumbuki waliongea nini, ila nakumbuka sauti ya yule mama ikisema, "Na ule aliyekuwa anapiga ngoma, alikuwa nani?" na mama mdogo akijaribu kueleza, na mara wote wawili wakaanza kucheka, kicheko kile cha kuumiza tumbo. Jua lilipoanza kuelekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, doa lilikuwa limekwenda.

Jioni alikuja kwa bibi kuaga, amevaa jeupe lake. Bibi akaanza kuomba radhi. Akamkatiza. "Mama, usijisumbue. Kwetu wasemaji tumejaa nyumba. Huyu atatupunguzia kelele."

Wazee wakaja kabla ya Idi. Mjomba akanuna, mchuuzi wa samaki akaoa kwingine. Sabuni ile ya mtaa ilikatwa, kila nyumba ikachukua fungu lake, na siku ya Idi kanzu zilikuwa nyeupe mpaka zikaumiza macho. Kila aliyevaa alijua nguo yake ilikaribia kumgharimu nini msichana mmoja. Hakuna aliyelitangaza. Walimletea tu, siku ya harusi, kila mtu kitu zaidi ya alichopanga kuleta.

Hapo ningeishia, ungenishukuru. Lakini mimi si mtu wa kukuridhisha.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeshaanza kupata, nilikwenda Bujumbura kumtembelea. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, nyumba nzuri, mume wake fundi bado anamwita "mwali". Nilikuwa nimepika sabuni ya majivu kwa mikono yangu, nimeifunga kwa jani la mgomba vilevile, nimeibeba kwenye gari njia nzima nikiikinga na jua. Nilijua atalia. Nilishajiandaa na mimi nilie.

Akaifungua, akainusa. "Yoo," akasema. "Bado munapika?" Akaiweka juu ya kabati. Halafu akaenda uani, akachukua sabuni ya unga ya dukani, akamwaga kwenye beseni, akaendelea na kufua, huku anaongea na jirani, huku redio inaimba.

Nikashindwa kujizuia. "Mama mdogo! Sabuni ile ndiyo iliyokuoza!"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ndiyo kitu nisichokivumilia. "Mwanangu, wewe ulikuwa mutoto. Moshi ukikushika, unakimbia. Mimi ningekimbilia wapi? Unajua kwa nini nilimutaka fundi wa Bujumbura? Nilisikia kwamba huko wananunua sabuni." Akacheka, akaendelea kusugua. "Siku ile sikunyamaza kwa sababu ya sabuni. Niliwafikiria wale wenye mafuta yao. Yule mwenye miguu iliyovimba, angefulia nini?"

Nilirudi Rumonge nimenuna njia yote. Nimenuna mpaka leo, kwa sababu nimetafuta alipokosea na sijapaona. Sabuni haikuwa tamu. Ilichubua vidole, moshi uliharibu macho ya bibi mpaka akafa haoni sindano, na unga wa dukani unafua vizuri kuliko ile. Haya, nimesema. Umefurahi?

Lakini naomba na wewe ukubali kitu. Mikungu mitupu ipo, imejaa shambani kwangu. Maji ya majivu najua kuyapima. Nikiamua, kesho napika. Nitakachokosa ni vile vibuyu vya majirani. Nyumba za mtaa ule sasa zina kuta za matofali na vipande vya chupa juu, kila mmoja na mche wake wa sabuni, na hakuna mtu ambaye nguo zake zinaningoja mimi ninyamaze. Naweza kusema ninavyotaka, saa yoyote, kwa sauti yoyote, na hakuna kitakachomwagika kwa mtu. Ndiyo maana siku hizi tunaongea hivi, bila kukoma.